Usinong'one, Ziba Tundu

Mama mkwe wangu akinunua sumu ya panya huiingiza ndani kama mali ya magendo. Huifunga kwenye pindo la kanga, huipitisha mlango wa uani, na akitaka kunieleza ataiweka wapi, hunivuta kando na kuninong'oneza sikioni. Ukitamka kwa sauti, panya watasikia. Wakisikia hawaigusi, na kwa hasira watashuka kabatini kukukata nguo. Imani hii nimeikuta Tanga, nimeikuta Morogoro, na Dar es Salaam imehamia pamoja na watu wake. Siicheki, maana anachokisema amekiona kwa macho: jioni anaweka chambo, asubuhi anakikuta kizima, na mkate uliokuwa hatua mbili kando umebaki makombo.

Siri yake ni kwamba panya mkubwa wa nyumbani huogopa kila kilicho kigeni. Njia zake anazijua kwa masharubu na mwili, akipita gizani ubavu ukigusa ukuta, usiku baada ya usiku. Kitu kipya kikitokea njiani, atakikwepa siku kadhaa hata kiwe kinanukia vipi. Tena akionja sumu kali kidogo tu, ikamuumiza tumbo bila kumuua, chakula kile hatakigusa tena. Nilimweleza mama haya yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajibu: "Sawa mwanangu, ila punguza sauti."

Basi kabla ya kutoa hata shilingi, chukua tochi ukatafute kinyesi. Kilicho kidogo mfano wa punje ya mchele, milimita 3 hadi 6, chenye ncha, ni cha panya mdogo, yule anayejificha kwenye viatu na nyuma ya jiko. Kinachokaribia milimita 12, chembamba na kilichochongoka pande zote mbili, ni cha panya wa darini, mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake. Kikiwa kinene, butu, na kinafika milimita 20, huyo ni panya wa mitaroni, anayependa miji ya bandari na hutokea kwenye chemba na makaro. Tofauti hizi zitakuokolea kazi. Wa darini hutegwa juu, kwenye kenchi na juu ya kabati. Wa mitaroni hutegwa chini. Na panya mdogo mara nyingi hafiki mita 10 kutoka kwenye kiota chake, kwa hiyo ukimwona jikoni mtege jikoni humo humo, usihangaike na stoo.

Ukikuta kinyama chenye pua ndefu na harufu kali, kinachopita kikilialia kando ya ukuta, kiache. Huyo ni kirukanjia, wala si panya. Kazi yake ni kula wadudu, mende wakiwamo, na paka wengi humuua kisha wakamsusa kwa harufu yake.

Kama kinyesi hakijakuonyesha njia, nyunyiza unga sakafuni kabla ya kulala, tabaka jembamba, kandokando ya kuta na chini ya sinki. Asubuhi utasoma nyayo na mkokoto wa mkia: wametokea wapi, wameingilia wapi. Angalia pia michirizi myeusi ya mafuta ukutani, ile inayoachwa na manyoya yanapopita mahali pamoja kila siku. Palipo na mchirizi pana barabara.

Sasa chakula. Panya mkubwa mmoja hutosheka na takriban gramu 25 kwa siku, na hicho ndicho kiasi kinachobaki kwenye sufuria iliyoachwa ilowe mpaka asubuhi. Watu wengi hufunika vyungu vya jikoni na kusahau banda la kuku. Pumba na chakula cha kuku vilivyobaki kwenye vilishio usiku vinaweza kulisha ukoo mzima wa panya huku wewe ukihangaika na mitego sebuleni. Viondoe kila jioni kuku wakilala. Mahindi na mchele hamishia kwenye pipa au ndoo zenye vifuniko vya kukaza, kwa sababu gunia kwa panya ni karatasi. Ukilazimika kutumia magunia, yainue juu ya mbao au matofali na uyasogeze mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio. Panya wakubwa wanahitaji maji kila siku, kwa hiyo bomba linalodondosha, ndoo isiyofunikwa na trei ya maji nyuma ya friji navyo vishughulikie. Panya mdogo, kwa bahati mbaya, anaweza kujitosheleza na unyevu ulio ndani ya chakula.

Kwa wanaoishi nyumba za kupanga, vyumba sita ukumbi mmoja, nasema wazi: ukipigana peke yako utashindwa. Dari ni moja, na mpangaji mmoja anayeweka mchele chini ya kitanda anawatunzia wote. Kaeni kikao, mchange, mfanye kazi siku moja.

Kazi yenyewe ni kuziba, na hapa ndipo penye ushindi wa kudumu. Kipimo ni rahisi: penseli ikipita kwenye tundu, panya mdogo anapita. Kidole gumba kikipita, panya mkubwa anapita. Zunguka nyumba kwa nje mchana, ukianzia chini. Tazama mabomba ya sinki na ya choo yanapotoboa ukuta, maana mafundi wengi hutoboa tundu la ngumi kwa ajili ya bomba la inchi moja kisha wakaondoka. Tazama chini ya milango. Mlango wa jikoni ukiacha mwanga upite chini, pigilia kipande cha bati upande wa chini mpaka uwazi usizidi nusu sentimita. Tazama mfuniko wa chemba kama umepasuka. Halafu panda ngazi. Pale bati linapokutana na ukuta, chini ya kila mgongo wa bati kuna uwazi, na fisha bodi ikishaoza pembeni hapo ndipo lango kuu la panya wa darini. Matawi ya mwembe au mpera yanayoegemea paa yakate, yabaki mbali walau mita moja na nusu.

Usizibe kwa matambara, karatasi wala povu la kujazia. Meno ya panya hukua maisha yake yote na lazima ayasage kwenye kitu. Jaza tundu kwa stilwaya ya kusugulia masufuria, ishindilie kwa bisibisi, kisha funika kwa mota ya saruji na mchanga. Mafundi wa zamani walichanganya na vipande vya chupa, na ni mbinu nzuri ukivaa glavu. Matundu ya hewa huwezi kuyaziba, kwa hiyo yawekee wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku una macho makubwa mno, na wavu wa mbu wa plastiki hautachelewa kutobolewa.

Kuna utaratibu mmoja ambao wengi huukosea. Ukiziba kila tundu siku ya kwanza, umewafungia ndani. Watatafuna upya, au watafia darini na kukunukia wiki nzima au zaidi. Anza kwa kujaza kila tundu karatasi ya gazeti iliyofinyangwa. Baada ya usiku mbili, karatasi zilizosukumwa nje zitakuonyesha milango inayotumika. Matundu mengine yote zibe. Milango inayotumika iache wazi mpaka mitego ikae usiku kadhaa bila kunasa, kisha uifunge ya mwisho.

Mtego ninaoupenda ni ule wa mbao na springi, kwa sababu unaua papo hapo, unaona umepata nini, na unautumia tena. Kosa la kawaida ni kununua mmoja na kuuweka katikati ya chumba. Nunua sita au zaidi. Kila mmoja uweke ukigusa ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani, ili panya apite juu ya ulimi wa mtego akiwa kwenye njia yake ya kila siku. Kwa panya wadogo, acha mita 2 tu kati ya mtego na mtego.

Chambo kiwe kile wanachokiiba kwako. Pwani, kipande cha nazi kilichochomwa kikanukia hushinda karibu kila kitu. Bara nimeona dagaa wa kukaanga na siagi ya karanga vikifanya kazi vizuri. Jibini la kwenye katuni achana nalo. Dagaa au nazi vifunge kwa uzi kwenye ulimi wa mtego, la sivyo panya mwerevu ataondoka navyo bila kuufyatua. Na sasa turudi kwenye ule woga wao: kwa panya wakubwa, weka mitego yenye chambo bila kuitega kwa usiku tatu hadi tano. Wale, washibe, wauone mtego kuwa sehemu ya nyumba. Usiku wa siku ile watakapokuwa wameshazoea, itege yote kwa pamoja. Nyumbani kwetu mitego minane ilinasa watano usiku mmoja, baada ya miezi ya kunasa mmoja mmoja. Panya mdogo hana woga huo, tena ni mdadisi, kwa hiyo mtegee siku hiyo hiyo. Asiponasa usiku mbili, hamisha mtego.

Mtego wa ndoo, ule wa chupa inayozunguka juu ya maji, hufanya kazi stoo na shambani, ila usiuweke nyumba yenye mtoto anayetambaa. Maji machache tu yanaweza kumzamisha. Gundi siitaki. Panya hukaa hai humo akilia usiku kucha, na siku nyingine utaamka ukute umenasa mjusi au kifaranga. Vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vinavyodaiwa kutoa sauti ya kuwafukuza, pesa yake nunulia saruji: panya huizoea sauti. Paka anasaidia, hasa kwa panya wadogo, lakini hapandi ndani ya dari iliyofungwa.

Sumu niliiacha mwisho kwa makusudi. Zile chenga na vidonge visivyo na lebo, vinavyotangazwa kwa spika mitaani pamoja na dawa za mende na kunguni, usivilete nyumbani, hata vikisifiwa kwamba panya hafiki hatua tatu. Hujui ndani kuna nini, na mtoto akimeza daktari naye hatajua. Ukilazimika, nunua kwenye duka la pembejeo bidhaa yenye lebo na iliyosajiliwa. Tanzania usajili huo hufanywa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Nyingi za kisasa huzuia damu isigande, na panya hufa baada ya siku kadhaa, ndiyo maana hahusishi ugonjwa wake na chakula alichokula. Mojawapo ya zile za mwanzo, warfarini, bado hutumika hospitali kwa wagonjwa wenye tatizo la kuganda damu. Uskoti mwaka 1958 tayari walikuwa wameripoti panya wasiodhurika nayo. Weka sumu ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye tundu la panya tu, usiweke kamwe kwenye sahani au kipande cha mkate, na hesabu vipande ulivyoweka. Paka au bundi akila panya aliyekufa kwa sumu hiyo naye yuko hatarini, na bundi, pamoja na visa vyote tunavyomsingizia, hula panya bila kukudai kitu.

Mtoto akila sumu, usimpe maziwa wala usimtapishe. Mpeleke hospitali saa ile ile na pakiti mkononi, hata kama anacheza vizuri, kwa sababu sumu za damu huweza kukaa siku mbili au tatu kabla ya kuonyesha dalili.

Panya aliyenaswa usimshike kwa mkono mtupu. Vaa glavu au mfuko wa nailoni, mfunge ndani ya mifuko miwili, umfukie. Kinyesi kikavu usikifagie, maana vumbi lake utalivuta. Fungua madirisha nusu saa, nyunyiza Jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, iache dakika kumi, kisha futa kwa tambara la kutupa. Homa ya mgunda, iliyowashtua watu wa Ruangwa mkoani Lindi Julai 2022, huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, hasa penye majimaji. Na Lushoto, ambako tauni ilianza kusumbua mwaka 1980 na kurudi kwa zaidi ya miaka 20, wazee wanajua kwamba panya akifa viroboto wake hutafuta mwili mwingine. Maeneo yenye historia hiyo, ua viroboto kwanza kwa dawa ya unga kwenye njia na mashimo, kisha ndipo uue panya. Ukiona panya wengi wamekufa wenyewe bila mtu kuwategea, usiwaguse, kimbilia zahanati ukatoe taarifa.

Wiki mbili baada ya kuziba tundu la mwisho, nyunyiza tena ule unga. Sakafu ikiamka safi usiku tatu mfululizo, toa mitego, bakisha miwili stoo, na uandike kwenye kalenda siku ya kupanda ngazi tena. Mimi hupanda baada ya mavuno, mahindi yanapoanikwa uani na panya wa shambani wanapoanza kuyafuata nyumbani.