Somo: Kiongozi anayelipa vijana kwa mali ya jirani

Tunapozungumza juu ya rushwa huwa tunafikiri bahasha ya pesa. Iko rushwa nyingine, ya mwanasiasa anayenunua wafuasi kwa kitu ambacho si chake. Mfano wetu ni Lubumbashi, mwaka 1991 hadi 1993.

Gabriel Kyungu wa Kumwanza hakuanza vibaya. Mwaka 1980 alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ya kumkosoa, pamoja na Étienne Tshisekedi. Lakini mwaka 1991 Mobutu alimfanya gavana wa Shaba, yaani Katanga, na mwenzake wa chama cha UFERI, Nguz Karl-i-Bond, akawa waziri mkuu. Mobutu alitaka wapinzani wagawanyike, naye akapata.

Chama kilikuwa na vijana wake, JUFERI. Wengi hawakuwa na kazi. Waliambiwa kwamba kazi zao zimeshikwa na Wakasai, pale Gécamines, shuleni, kwenye reli. Wakasai wakaitwa bilulu, wadudu. Haikusemwa kwamba wengi wa "wageni" hao walizaliwa hapa hapa, wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière wakati wa Wabelgiji.

Agosti 1992 Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, alichaguliwa kuchukua nafasi ya Nguz. Fujo zikaanza Lubumbashi, zikafika Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi. Nyumba zilichomwa au zilichukuliwa. Familia zililala kwenye vituo vya reli zikingoja treni, na watoto walikufa hapo kwa magonjwa. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka.

Na vijana, walilipwa nini? Nyumba ya jirani, au nafasi yake kazini. Lakini Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha 50,000. Hatusemi kufukuza mafundi peke yake kuliua kampuni: serikali ilikuwa imeifyonza miaka mingi, na mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990. Basi kijana alipewa kiti katika nyumba inayoanguka.

Kyungu mwenyewe alirudi madarakani. Mwaka 2007 akawa rais wa bunge la mkoa. Novemba 2011 vijana wa chama chake kipya, UNAFEC, walipigana mitaani na wale wa UDPS ya Tshisekedi. Alifariki mwaka 2021.

Katika kikundi chenu, anzeni na swali hili: ni nani anayewagawia vijana wa mtaa wenu fulana na pesa ya pombe wakati wa uchaguzi, na anawaahidi mali ya nani?