Somo la Tisa: Jiko la Makindu



Je, umepata kumwona Kalasinga? Ni mtu mwenye asili ya India, mwenye ndevu ndefu na kilemba kichwani. Wengine humwita Singasinga. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanamjua Kalasinga kwa ufundi wake. Ni seremala, ni mjenzi, ni fundi wa injini na magari. Lakini wachache wanaijua imani yake. Leo tutasoma habari za imani hiyo. Somo hili halikuambii ubadili dini yako. Linakuuliza swali moja tu: imani ya mtu huonekana wapi, katika maneno yake au katika kazi ya mikono yake?

Mwanafunzi wa maisha yote

Kalasinga wenyewe hujiita Sikh. Katika lugha yao ya Kipunjabi, neno hilo maana yake ni mwanafunzi. Mtoto ni mwanafunzi, na mzee wa miaka 80 ni mwanafunzi. Wewe uliyeanza kusoma ukiwa mtu mzima utalielewa neno hili vizuri.

Mwalimu wao wa kwanza aliitwa Guru Nanak. Alizaliwa mwaka 1469 katika nchi ya Punjab, akafariki mwaka 1539. Siku zile watu wa India waligawanyika katika matabaka. Mtu wa tabaka la juu hakukubali kula pamoja na mtu wa tabaka la chini. Guru Nanak alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, na watu wote ni sawa mbele yake.

Baada yake walikuja walimu wengine 9. Mwalimu wa pili, Guru Angad, aliziweka sawa herufi za Kipunjabi ili watu wa kawaida wasome kwa lugha yao wenyewe. Mwalimu wa kumi alifariki mwaka 1708. Tangu hapo mwalimu wa Kalasinga si mtu tena. Ni kitabu chao kitakatifu, kiitwacho Guru Granth Sahib.

Mambo matatu ya kila siku

Kalasinga hufundishwa mambo matatu.

La kwanza ni kumkumbuka Mungu. Anayeshika dini huamka kabla ya mapambazuko, huoga, kisha husali. Husali tena jioni, na tena kabla ya kulala. Hata akiwa kazini hulitaja jina la Mungu moyoni.

La pili ni kula jasho lake. Afanye kazi halali kwa mikono yake. Asiibe, asidanganye katika mizani, wala asiishi kwa kuombaomba.

La tatu ni kugawana. Anachopata si chake peke yake. Hufundishwa kutoa sehemu moja ya kumi ya pato lake kwa ajili ya wengine.

Mambo haya matatu yanakwenda pamoja. Anayesali bila kufanya kazi hana cha kugawa. Anayefanya kazi bila kugawa amejilisha mwenyewe tu.

Ili asisahau, Kalasinga aliyeingizwa rasmi katika dini hubeba alama tano. Hakati nywele zake. Ana kitana kidogo cha mbao cha kuzichana. Huvaa kaptula ya namna yake, na upanga mfupi wa kumkumbusha kuwatetea wanyonge. Tena huvaa bangili mkononi. Bangili hiyo si ya dhahabu, ni ya chuma. Mkono unapotaka kutenda baya, jicho huiona bangili, na moyo hukumbuka.

Jiko la Makindu

Sasa twende Kenya, tukaone mafundisho hayo yakifanya kazi.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Reli ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Miongoni mwao walikuwamo Kalasinga. Watu wapatao 2,500 walikufa katika kazi hiyo.

Makindu ni mji mdogo katika njia hiyo, kati ya Mombasa na Nairobi. Kalasinga waliofanya kazi ya reli walikutana hapo kusali. Mwaka 1926 ilijengwa nyumba ya sala. Nyumba hiyo ina jiko. Jiko hilo ndilo lililoufanya mji huo ujulikane na wasafiri wengi.

Msafiri yeyote anaweza kuingia. Anavua viatu, anafunika kichwa kwa kitambaa, na ananawa mikono. Kisha anapewa chakula: chapati, dengu, mboga na chai. Hatozwi senti. Haulizwi dini, wala kabila, wala cheo. Aliyechoka anaweza kupewa mahali pa kulala.

Nyama haipikwi hapo. Sababu yake ni nzuri. Mahali penye nyama watu huulizana: Ni nyama gani? Nani amechinja? Penye dengu na mboga, Mwislamu, Mkristo, Mhindu na asiye na dini wote wanakula bila wasiwasi.

Jiko la namna hii huwa katika kila nyumba ya sala ya Kalasinga duniani. Huitwa langa. Guru Nanak ndiye aliyelianzisha. Kwa desturi watu hukaa chini kwa mstari, tajiri kando ya maskini. Hakuna kiti cha mkubwa.

Jiko linaendeshwaje?

Labda unajiuliza, chakula chatoka wapi? Chatoka kwa waumini. Mmoja huleta gunia la unga. Mwingine huleta fedha. Asiye na fedha huleta mikono yake. Katika jiko hili wanaume kwa wanawake humenya vitunguu, hukanda unga na kuosha vyombo. Mwenye duka kubwa huinama akasugua sahani iliyoliwa na mtu asiyemjua. Kazi hiyo kwao ni ibada, sawa na kusali.

Na sisi je?

Sisi watu wa Kasulu na Kibondo tunajua maana ya mgeni mwenye njaa. Hapa Mtabila palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, mpaka ilipofungwa mwaka 2012. Tumeona watu wakifika bila kitu. Basi kupokea mgeni si jambo jipya kwetu.

Lakini tutazame msibani au arusini. Akina mama wanateka maji, wanatafuta kuni, wanapika, kisha wanaosha vyombo. Akina baba wamekaa kivulini wanangoja. Mwenye cheo anapakuliwa kwanza, tena nyama nzuri. Maskini anapakuliwa mwisho, na mara nyingine anakuta sufuria tupu. Kabla ya kula tulisali pamoja, tukasema sote ni ndugu. Je, sufuria inasema hivyo?

Jambo hili linaweza kubadilishwa bila fedha. Darasa lenu lichague siku moja. Kila mmoja alete kibaba kimoja cha maharage au cha unga. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba hujaza sufuria. Pikeni pamoja. Kaeni kwenye mkeka mmoja. Anayefika wa kwanza apakuliwe wa kwanza, awe mzee wa kijiji au kibarua. Mwisho wa chakula, wanaume waoshe vyombo.

Labda watu watacheka mwanaume wa kwanza atakaposhika sahani chafu. Waache wacheke. Wa pili atakapoinama, kicheko kitapungua.

Maswali ya kujadiliana

1. Neno Sikh lina maana gani?
2. Taja mambo matatu ambayo Kalasinga hufundishwa.
3. Kwa nini nyama haipikwi katika jiko la Makindu?
4. Katika kijiji chenu, nani hupakuliwa mwisho? Kwa sababu gani?
5. Dini yako inafundisha nini juu ya kumlisha mgeni? Andika sentensi tatu.

Maneno ya kujifunza

*Tabaka*: kundi la watu wanaohesabiwa kuwa juu au chini ya wengine.
*Halali*: jambo linaloruhusiwa, lisilo la wizi wala udanganyifu.
*Pato*: mali au fedha mtu anayopata kwa kazi yake.