SOMO LETU: NYINGI KATI YA NGAPI?



Tukisikia serikali fulani inatumia fedha nyingi kwa huduma za watu wake, tusishangilie upesi. Tuulize kwanza: nyingi kati ya ngapi?

Tutazame Ulaya. Mwaka 2023, katika kila euro 100 za pato la nchi, serikali ya Ufaransa ilitumia zaidi ya 55. Ya Ireland chini ya 25. Je, mfanyakazi wa Ireland alipata nusu tu ya huduma? Hapana. Pato la Ireland huvimbishwa na faida za makampuni ya kigeni. Pato likivimba, fungu la serikali huonekana dogo.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 1 Mei 2006, Siku ya Wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Mahospitali yakajaa, lakini dawa na wauguzi hawakutosha. Kumbe cha bure nacho hulipiwa, na mlipaji ni sisi kwa kodi zetu.

Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuipa afya 15 katika kila 100 za bajeti. Hicho ndicho kipimo chetu.

Maswali ya kujadiliana, Ngagara na mashambani:
1. Afya inapewa ngapi katika kila 100 za bajeti?
2. Tukigawanya, kila mtu anafikiwa na kiasi gani?
3. Dawa zimefika kituoni?

La tatu tusingoje kuambiwa. Twende tukahesabu wenyewe.