Kuipanga Siku Moyo Unapokuwa Mzito

Somo kwa makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama wa vyama vya msingi

MADHUMUNI YA SOMO

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili katika kikundi, mwanachama aweze:

(a) kueleza jinsi unyonge wa moyo unavyomtoa mtu kazini, na jinsi kuacha kazi kunavyouzidisha unyonge huo;
(b) kupanga utaratibu mdogo wa siku ambao hata mtu aliyechoka moyo anaumudu;
(c) kuutambua wajibu wa chama kwa mwanachama wa namna hiyo;
(d) kujua ni wakati gani utaratibu peke yake hautoshi.

1. KWA NINI SOMO HILI LIMO KATIKA JARIDA LA USHIRIKA

Ndugu wanachama, tumezoea kusoma katika kurasa hizi habari za mizani, stakabadhi, pembejeo na hesabu za mwisho wa mwaka. Huenda mtu akauliza: moyo wa mtu una uhusiano gani na chama? Jibu ni kwamba chama ni watu kabla hakijawa ghala na mizani. Kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa mjini Manchester mwaka 1995, yatutaka tuijali jamii tunamoishi.

Lakini ipo sababu iliyo karibu zaidi. Katika vyama vyetu vingi yupo mwanachama ambaye hapo zamani alikuwa wa kwanza kufika mkutanoni, na leo haonekani. Kahawa yake yaiva mtini na kudondoka. Kitabu chake cha mauzo hakina mstari mpya. Majirani husema amekuwa mvivu. Kamati humwandikia barua ya deni, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mara nyingi mtu huyu si mvivu wala mkaidi. Amelemewa. Tukimwita mvivu tunapata hasara mara mbili: tunampoteza mwanachama, na tunampoteza mtu.

2. MDUARA WA UNYONGE

Huzuni ni sehemu ya maisha. Aliyefiwa hulia, aliyepata hasara hunung'unika, na baada ya muda hurudi kazini. Lakini upo unyonge usioondoka. Wataalamu wetu wa afya huuita sonona. Dalili zake ni moyo kuwa mzito, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza mtu, karibu siku nzima na karibu kila siku, kwa muda wa majuma mawili au zaidi. Pamoja na hayo usingizi huharibika, hamu ya chakula hubadilika, mwili huchoka bila kazi, fikira hazikai mahali pamoja, na mtu hujiona hafai kitu.

Tuchukue mfano wa mkulima wa kahawa na migomba. Amekopa pembejeo chamani, mvua zikachelewa, na mavuno yakawa nusu ya alivyotarajia. Anaona haya kuonana na katibu, kwa hiyo anaacha kwenda mkutanoni. Kwa kuwa haendi mkutanoni, hakutani tena na wenzake waliokuwa wakicheka naye njiani. Anabaki nyumbani, analala mchana, anakesha usiku. Magugu yanapanda. Kila anapolitazama shamba anajilaumu, na kila anapojilaumu nguvu zinampungukia zaidi. Deni lilikuwa jambo moja. Sasa yamekuwa matano.

Peter Lewinsohn, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, aliueleza mduara huu katika miaka ya 1970. Alifundisha kwamba mtu anapopungukiwa na shughuli zinazompa ridhaa, na watu wa kushirikiana nao, moyo wake hushuka. Na moyo ukishuka, naye huzidi kuziacha shughuli. Basi pa kuukata mduara ni pale penye kitendo. Mtu mwenye moyo mzito husema, "Nitaanza nitakapopata hamu." Hamu hiyo haiji. Yampasa atangulize kitendo kidogo, na hamu imfuate nyuma, pengine kwa kuchelewa.

3. HATUA ZA KUPANGA SIKU

Hatua ya kwanza: Iwekee siku saa moja ya kuamka. Hatusemi saa ya kulala, kwa sababu usingizi hauamrishwi, lakini kuamka kwaweza kupangwa. Chagua saa unayoimudu, tuseme saa 12:30 asubuhi, na uishike hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kisha toka nje, ukae au utembee robo saa kwenye mwanga. Mwanga wa asubuhi huujulisha mwili kwamba siku imeanza, na polepole husaidia usingizi wa usiku urudi mahali pake.

Hatua ya pili: Chagua mambo matatu tu. Moja liwe la mwili, kama kuoga au kunywa uji. Moja liwe la kazi. Moja liwe la watu, kama kumsalimu jirani au kupeleka mtoto shule. Mtu mwenye moyo mzito hupenda kuandika mambo kumi na mawili, kwa kutaka kulipa siku zote zilizopotea kwa siku moja. Jioni huona ametimiza mawili, na hukata tamaa. Aliyeandika matatu akatimiza mawili ameipata sehemu kubwa ya siku yake.

Hatua ya tatu: Ipime kazi kwa nguvu za siku mbaya. "Kupalilia shamba" si kazi ya siku moja kwa mtu huyu. Ni mzigo wa kumvunja mgongo kabla hajashika jembe. "Kupalilia mashina matano ya kahawa" ni kazi. Jiulize: je, hili naliweza hata siku ambayo sikulala? Kama jibu ni hapana, lipunguze. Ukimaliza mashina matano na nguvu bado zipo, endelea. Lakini kesho kipimo kibaki kuwa matano. Usiigeuze siku njema kuwa sheria ya siku zote. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo.

Hatua ya nne: Lifungamanishe jambo jipya na lile ambalo tayari hutokea kila siku. Ng'ombe wa maziwa hangoji hamu ya mtu. Saa yake ikifika atalia. Basi, "baada ya kukamua, nitapalilia mashina matano." Chai ya asubuhi, adhana, kengele ya kanisa na watoto wanaotoka shule vyaweza kutumika vivyo hivyo. Hivi mtu hahitaji kuamua upya kila siku, na kuamua ndiko kunakomchosha zaidi aliyelemewa.

Hatua ya tano: Jihadhari na waibao siku. Wa kwanza ni pombe. Hutuliza kwa saa moja, kisha huharibu usingizi na kuushusha moyo zaidi kesho yake. Wa pili ni kulala mchana kutwa. Wa tatu ni kujitenga kabisa.

4. DAFTARI LA SIKU

Ndugu makatibu mnajua kwamba hesabu isiyoandikwa haiaminiki. Sonona nayo ni mtunza hesabu asiye mwaminifu: huandika hasara zote na kuficha mapato yote. Kwa hiyo mtu awe na daftari dogo, aandike aliyoyatenda, kisha aupime moyo wake kwa namba kuanzia 0, maana yake mzito kabisa, hadi 10, maana yake mwepesi kabisa. Kabla ya kazi na baada ya kazi. Huu ni mfano:

Jumatatu. Kuamka saa 12:30: ndiyo. Mwili: nilioga, nikanywa uji. Kazi: mashina matano. Watu: sikwenda popote. Moyo: kabla 2, baada 3.

Jumanne. Kuamka: saa 4. Mwili: uji tu. Kazi: hapana. Watu: jirani alipita, tukaongea. Moyo: kabla 1, baada 3.

Jumatano. Kuamka saa 12:30: ndiyo. Mwili: nilioga. Kazi: mashina matatu. Watu: nilikwenda dukani kununua chumvi. Moyo: kabla 2, baada 4.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, moyo haukuruka kutoka 2 hadi 9. Ulipanda kidogo, lakini ulipanda kila alipotenda jambo au kukutana na mtu. Bila daftari asingeliona hilo. Angelisema juma zima lilikuwa giza tupu. Pili, tuitazame Jumatano. Mkulima hakupalilia mashina kumi ili kufidia Jumanne. Hapa ndipo daftari hili linapotofautiana na daftari la fedha. Katika daftari la fedha, salio la jana huletwa mbele, na hapana budi lioneshwe. Katika daftari la siku, deni la jana haliletwi. Kila asubuhi ukurasa hufunguliwa ukiwa safi.

5. WAJIBU WA CHAMA

Yako mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyafanya peke yake, na hapa tuna la kujifunza kutoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianzisha mpango wa Benchi la Urafiki katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, akiwa na kina bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii. Bibi hukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hulitaja tatizo kwa neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, kama sisi tusemavyo kwamba fulani "ana mawazo". Mgonjwa hutaja taabu zake, huchagua moja, na wawili hao hupanga hatua ndogo ya kuikabili. Baadaye hukaribishwa katika kikundi, ambamo watu hufuma mikoba ya kuuza huku wakizungumza.

Utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, wenye washiriki 573, ulitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliopitia benchini walikuwa kama 14 katika kila 100. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama 50 katika kila 100. Mpango huo haukutegemea majengo makubwa. Ulitegemea mtu aliyefunzwa, benchi, na hatua ndogo iliyopangwa kwa pamoja.

Chama cha msingi si zahanati, lakini chaweza kutenda haya:

(a) Katibu atazame vitabu kwa jicho la utu. Mwanachama ambaye jina lake limetoweka kwenye daftari la mapokezi atembelewe kabla ya kuandikiwa.

(b) Waende watu wawili anaowaamini, wala wasianze na deni. "Ndugu yetu, tumekukosa. Tumekuja kukujulia hali." Wasiseme, "Jikaze," wala, "Wenzako wana shida kuliko zako." Maneno hayo humfunga mtu mdomo. Wasikilize, kisha waulize ni jambo gani moja dogo liwezekanalo juma hili.

(c) Deni lizungumzwe faraghani, na kamati ipange malipo yanayolingana na uwezo wake. Kusoma majina ya wadaiwa mbele ya mkutano humwongezea haya yule ambaye haya ndiyo iliyomfungia nyumbani.

(d) Apewe kazi ndogo badala ya kuondolewa kazi zote. Siku ya kupokea mazao aombwe kuja saa moja tu kusaidia mizani. Mtu anayengojwa mahali hupata sababu ya kuamka.

(e) Siri yake itunzwe.

Nanyi makatibu msijisahau. Msimu wa ununuzi una usiku mrefu wa hesabu na lawama za kilo zilizopungua, na ukiisha huacha utupu wa ghafla. Somo hili ni lenu pia.

6. UTARATIBU USIPOTOSHA

Utaratibu wa siku ni msaada, si badala ya matibabu. Dalili zikiendelea majuma mawili, au mtu akishindwa kula, kulala au kufanya kazi, aende zahanati au kituo cha afya, na kutoka huko apelekwe hospitali ya wilaya ikihitajika. Huenda ikaonekana upungufu wa damu au ugonjwa mwingine wa mwili. Mama aliyejifungua karibuni naye asidharauliwe akikosa furaha. Watu wengi wakisikia maradhi ya akili hufikiria Mirembe, wakaogopa. Wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa wakiwa kwao, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonesha nguvu yake, na haifai kuiacha bila shauri la daktari.

Mtu akisema kwamba hataki kuishi, au kwamba angekuwa bora asiwepo, asifanyiwe mzaha wala asikemewe. Aulizwe waziwazi na kwa upole kama anafikiria kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia njia ya kusema. Asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kilimo na za mifugo ziondolewe nyumbani, zifungiwe ghalani mwa chama, na ufunguo ashike mtu mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na katika jambo hili methali hiyo ni kweli tupu.

MUHTASARI

Unyonge humtoa mtu kazini, na kutokuwa na kazi huzidisha unyonge. Mduara hukatwa kwa kitendo kidogo kinachotangulia hamu: saa moja ya kuamka, mambo matatu, kipimo cha siku mbaya, na daftari lisilobeba deni la jana. Chama humsaidia mtu kwa kumtembelea, kumstahi na kumpa nafasi ndogo ya kungojwa. Yanapozidi, hospitali.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika chama chetu, ni dalili zipi vitabuni zinazoweza kutuonesha kwamba mwanachama amelemewa?
2. Kwa nini kazi ya "kupalilia shamba" haifai kuandikwa katika utaratibu wa mtu mwenye moyo mzito? Iandikeni upya.
3. Je, namna yetu ya kudai mikopo inamkaribisha mwanachama au inamfukuza? Tubadilishe nini?
4. Zahanati iliyo karibu nasi ni ipi, na nani katika kikundi yuko tayari kumsindikiza mwenzake?

KAZI YA KIKUNDI: Kila mshiriki aandike daftari lake la siku kwa siku saba. Katika kikao kijacho asilazimishwe mtu kusoma aliyoandika. Atakaye aeleze jambo moja alilojifunza.