Namba ya jarida la moyo na jinsi ya kuisoma

Mwishoni mwa mwaka 2021 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda. Watoto zaidi ya 100,000 walipimwa moyo kwa eko, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti. Miongoni mwao, 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waliingizwa kwenye uchambuzi wa utafiti kwa sababu vali za mioyo yao zilikuwa zimeanza kuguswa na baridi yabisi, bila wao wala wazazi wao kujua. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, nusu hawakuchomwa. Miaka miwili ilipokwisha, kati ya waliofuatiliwa hadi mwisho, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 33 kati ya 400 wasiochomwa, na kwa watoto 3 tu kati ya 399 waliochomwa.

Kwa ukanda wetu, ambako baridi yabisi bado inaharibu mioyo ya watoto wa shule, hizo ni habari kubwa. Lakini utafiti wa moyo humfikia mwananchi ukiwa umekatwakatwa. Kwenye simu unaandikwa "wanasayansi wamegundua", redioni unasomwa kama maneno ya "jarida kubwa duniani", na anayetaka kutushawishi zaidi hututajia namba: jarida hili lina kipimo cha athari cha 30, lile lina 1. Namba hiyo ina maana yake, na mipaka yake pia. Mwanafunzi wa uuguzi, mwandishi wa habari za afya, au mtu mwenye mzazi anayeugua moyo anaweza kuielewa bila kuwa daktari.

Tuanze na jarida lenyewe. Circulation, la Chama cha Moyo cha Marekani, lilianza Januari 1950. Waingereza walikuwa wametangulia mwaka 1939 na British Heart Journal, ambalo tangu 1996 linaitwa Heart. European Heart Journal, la madaktari wa moyo wa Ulaya, lilianza mwaka 1980. Ukiyafungua utakuta mada zinazofanana: shinikizo la juu la damu, yaani presha; mishipa ya moyo iliyoziba; moyo kushindwa kufanya kazi; mapigo yasiyo na mpangilio; vali; kasoro ambazo mtoto huzaliwa nazo; na tafiti nyingi za maabara zinazofanywa kwa panya na chembe hai, ambazo matunda yake, kama yatakuwepo, yatamfikia mgonjwa baada ya miaka mingi.

Jambo la kwanza la kutazama ni aina ya andiko. Jarida moja hubeba utafiti mpya, mapitio ya tafiti za zamani, tahariri, barua za wasomaji, taarifa za takwimu, na miongozo ya tiba. Barua ya msomaji ni maoni ya mtu. Mwongozo wa tiba ni makubaliano ya kamati ya mabingwa waliopitia ushahidi wote, na ndio unaoongoza kalamu ya daktari anapokuandikia dawa. Vyote viwili hutoka chini ya jina lilelile la jarida, na anayesema "Circulation limesema" bila kueleza ni andiko la aina gani hajakwambia jambo lolote la kutegemea.

Namba inatoka wapi

Eugene Garfield, Mmarekani aliyefanya kazi Philadelphia, alipendekeza mwaka 1955 kwamba makala za sayansi zifuatiliwe kwa kuangalia nani anamtaja nani katika marejeleo yake. Faharasa yake ya sayansi ilitoka mwaka 1964, na kuanzia 1975 ikawa inatoka ripoti ya kila mwaka inayoyapa majarida vipimo vyao. Leo ripoti hiyo hutolewa na kampuni ya Clarivate.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme jarida lilichapisha makala 120 mwaka 2022 na makala 130 mwaka 2023, jumla 250. Mwaka 2024 waandishi wengine wakayataja maandiko hayo mara 500. Gawanya 500 kwa 250, unapata 2. Hicho ndicho kipimo cha athari cha jarida hilo kwa mwaka 2024. Ni wastani wa kutajwa, katika dirisha la miaka miwili, ndani ya majarida ambayo kampuni inayafuatilia.

Kuna jambo katika hesabu hiyo ambalo wengi hawaambiwi. Sehemu ya juu huhesabu kila tajo, hata linaloelekezwa kwenye tahariri au barua. Sehemu ya chini huhesabu makala za utafiti na za mapitio peke yake. Halafu wastani huo huinuliwa na maandiko machache mno. Chama cha Moyo cha Marekani hutoa ndani ya Circulation taarifa ya kila mwaka ya takwimu za magonjwa ya moyo na kiharusi, na karibu kila mtafiti anayetaka sentensi ya kuanzia huitaja. European Heart Journal huchapisha miongozo ya tiba ya Ulaya, nayo hutajwa mara maelfu. Majarida hayo mawili katika miaka ya karibuni yamekuwa na kipimo kinachozidi 30. Makala ya kawaida iliyo jirani na mwongozo huo inaweza kutajwa mara tano tu, lakini nayo husemwa kuwa imetoka katika jarida la 30.

Kwa hiyo kipimo hiki hueleza jarida. Makala moja hakiielezi, na mtafiti mmoja hakimwelezi. Wanasayansi wenyewe waliliona tatizo hilo. Azimio la San Francisco, lililotangazwa mwaka 2013, liliwataka waajiri na wafadhili waache kumpima mtafiti kwa kipimo cha jarida alimochapisha. Ninaamini vyuo vyetu vinavyopandisha walimu vyeo kwa kutazama namba hiyo vinawakosea vijana wanaotafiti magonjwa ya hapa nyumbani.

Sababu ni mada yenyewe. Baridi yabisi huanza na maambukizi ya koo, na hushika zaidi palipo na msongamano, nyumba duni na zahanati ya mbali. Nchi tajiri zimeisahau kwa sehemu kubwa. Makala kuhusu stenti au dawa mpya ya lehemu ina maelfu ya watafiti wa Marekani, Ulaya na China wanaoweza kuitaja kesho. Makala kuhusu vali za watoto wa Gulu au Mwanza ina kundi dogo la wasomaji, na wengi wao wanashinda wodini, hawana muda wa kuandika. Cardiovascular Journal of Africa, linalochapishwa Afrika Kusini na kuhudumia jumuiya ya madaktari wa moyo wa bara zima, lina kipimo kinachocheza karibu na 1. Namba hiyo ndogo haisemi kwamba tafiti zake ni mbovu. Inasema kwamba wanaoandika kuhusu mioyo ya Waafrika bado ni wachache.

Tazama mfano wa Hospitali ya Muhimbili. Mwaka 2014 Heart lilichapisha utafiti wa wagonjwa 427 wa Dar es Salaam waliokuwa na tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55, na chanzo kilichoongoza kilikuwa presha. Utafiti mwingine wa nchi tisa za Afrika, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1,006, ulikuwa umeonyesha sura hiyohiyo: wastani wa miaka 52, na presha ikiongoza. Ulaya mgonjwa wa aina hii kwa kawaida ana zaidi ya miaka 70, na mara nyingi mishipa ya moyo wake imeziba. Anayepanga huduma za moyo Tanzania kwa kusoma majarida ya namba kubwa peke yake atapanga kwa ajili ya babu wa Ulaya, huku anayelala kitandani ni baba wa watoto wanaosoma.

Namba kubwa haizuii kosa

Tarehe 1 Mei 2020 New England Journal of Medicine lilitoa makala kuhusu ugonjwa wa moyo, dawa za presha na vifo vya Uviko-19. Wiki tatu baadaye The Lancet likatoa nyingine, kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini, iliyodai kuwa na takwimu za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671. Takwimu za makala zote mbili zilidaiwa kutoka kampuni moja ndogo ya Marekani iitwayo Surgisphere. Watafiti wakahoji, miongoni mwa mengine, ni hospitali gani za Afrika zilizokuwa na kumbukumbu za kielektroniki zenye undani ule. Kampuni haikuruhusu data zikaguliwe, na tarehe 4 Juni makala zote mbili ziliondolewa. Haya ni majarida mawili yenye kipimo cha juu kuliko karibu mengine yote ya tiba. Na baada ya kuondolewa, makala hizo ziliendelea kutajwa na waandishi ambao hawakueleza kwamba zimebatilishwa.

Jarida kubwa pia haligeuzi utafiti mdogo kuwa mkubwa. Mwaka 2010 Circulation lilichapisha kazi ya Profesa Karen Sliwa na wenzake wa Afrika Kusini kuhusu dawa ya bromokriptini kwa akina mama ambao misuli ya moyo hudhoofika karibu na wakati wa kujifungua. Matokeo yalitia moyo, na ugonjwa huo unatuhusu sana. Lakini akina mama walikuwa 20, na watafiti wenyewe waliuita utafiti wa awali. Waliyasema hayo kwa uwazi. Anayefupisha habari ndiye huyaacha.

Ukiipata makala basi, usianzie kwenye jina la jarida. Soma ikisiri yake, ile aya ya mwanzo yenye muhtasari, na kwanza utafute nani walichunguzwa. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa wagonjwa 728 wa presha kutoka Nigeria, Kenya, Uganda, Kameruni, Msumbiji na Afrika Kusini, uliolinganisha dawa mbilimbili zinazomezwa pamoja. Jozi zilizokuwa na amlodipini ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko jozi isiyokuwa nayo. Kwa mgonjwa wa Kisumu au Mbale, utafiti huo una uzito kuliko ule uliofanywa kwa watu ambao mwili, chakula na dawa zao ni tofauti na vyake.

Mwaka 2022 tulipata somo jingine la aina hiyo. Kwa wagonjwa wengi wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, dawa mpya za kuzuia damu kuganda zilikuwa zimeonekana kuwa sawa na wafarini au kuishinda. Lakini mojawapo, rivaroksabani, ilipojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 ambao tatizo lao lilitokana na baridi yabisi, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, waliotumia dawa za kundi la wafarini walipata matatizo machache ya moyo na mishipa ya damu na vifo vichache kuliko waliotumia rivaroksabani. Wafarini ina usumbufu, kwa maana damu lazima ipimwe mara kwa mara, na mgonjwa hutamani kuachana nayo. Kama vali zako ziliharibiwa na baridi yabisi, utafiti huu ndio wa kuzungumza na daktari wako kabla ya kufikiria kubadili dawa.

Jambo la pili ni kama watu waligawanywa kwa bahati nasibu, kama wale watoto wa Uganda, au walitazamwa tu wakiishi maisha yao. Utafiti wa kutazama huonyesha vitu vinavyoandamana. Kwamba kimoja kimesababisha kingine, hilo linahitaji ushahidi zaidi.

La tatu ni namna asilimia zinavyotangazwa. Matokeo ya Uganda yanaweza kuandikwa kwamba sindano ilipunguza hatari kwa asilimia 90, na ni kweli. Yanaweza pia kuandikwa kwamba kati ya watoto 100 wasiochomwa, karibu 8 walizidiwa, na kati ya 100 waliochomwa hakufika hata mmoja. Kwa hesabu hiyo ya pili, inabidi kuchoma watoto 13 hivi kwa miaka miwili ili kumwokoa mmoja. Hata hivyo ni tiba nzuri, na sasa mzazi anajua anachokubali. Habari ikikupa asilimia bila idadi ya watu, itafute idadi hiyo.

Kwa wanaoandika tasnifu au makala ya kwanza, tahadhari moja. Barua pepe inayokusifu, inayoahidi kuchapisha kazi yako ya moyo ndani ya siku chache kwa ada fulani, na inayojigamba kwa kipimo cha athari kilichotolewa na kampuni usiyoijua, mara nyingi ni ya utapeli. Kipimo cha Clarivate huonekana kwenye ripoti ya Clarivate. Jarida halali la kusomwa bure huweza kutafutwa katika orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Muulize msimamizi wako kabla ya kutuma pesa.

Kusoma hakulazimu kulipia. PubMed, maktaba ya mtandaoni ya serikali ya Marekani, inaonyesha ikisiri za makala za tiba bila malipo, na makala iliyobatilishwa huwekewa alama inayoonekana juu kabisa ya ukurasa. Itazame kabla ya kumtumia mtu yeyote makala hiyo. Majarida mengi ya bara letu yamekusanywa katika African Journals Online. Na kuna Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo ruhusa ya kusoma majarida ya kulipia bure au kwa ada ndogo. Vyuo na hospitali za kufundishia za ukanda huu zinaweza kujiunga, na mara nyingi anayeshika nywila ni mkutubi. Mwanafunzi au muuguzi aende kwake na kichwa cha makala anayoitaka na mwaka iliotoka.