Siko seli: fahamu damu yako na ya mwenzako

Somo la leo nililipata ukubwani, na natamani ningelijua miaka ishirini iliyopita.

Nilipokuwa muuguzi kijana katika wodi ya watoto kwetu Tanzania, mama mmoja aliniuliza swali. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na siko seli, yaani selimundu, naye alitaka kuzaa tena. Nikamjibu kwa kujiamini: "Mama, kati ya watoto wanne anaumwa mmoja. Wako umeshampata, hao wanaofuata watakuwa wazima." Baada ya miaka miwili hivi alirudi na mtoto wa pili, vidole vimevimba, macho ya manjano. Mimi hakunilaumu. Lakini yeye alilaumiwa na mawifi zake, wakasema ana damu mbaya. Nilinyamaza, maana sikujua nilikosea wapi.

Jibu nililipata Marekani. Nikiwa na miaka 41 nilijiandikisha kusoma jenetiki, elimu ya urithi, pale University of Michigan, chuo kikuu cha umma chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi. Wengi darasani walikuwa na umri wa kuwa wanangu. Wiki za mwanzo niliona aibu hata kunyoosha mkono.

Ugonjwa unatoka kwa nani?

Ni katika chuo hichohicho ambako Dk. James Neel alifanya kazi. Mwaka 1949 alionyesha, kwa kupima damu za wazazi wa wagonjwa, kwamba mtoto mwenye siko seli hurithi kinasaba chake kwa wazazi wote wawili. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule mama. Mawifi walikuwa wanamtukana kwa kitu ambacho nusu yake kilitoka kwa kaka yao.

Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba kinachotengeneza himoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu. Moja ya baba, moja ya mama. Nakala ya kawaida tunaiita A, na ya selimundu tunaiita S. Basi:

- AA: huna kinasaba cha selimundu.
- AS: wewe ni mbebaji. Huu si ugonjwa, na wengi huishi hadi uzee bila kujua.
- SS: una ugonjwa. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali, upungufu wa damu, hata kiharusi.

Mzazi mmoja akiwa AA na mwingine AS, hawapati mtoto wa SS, ila nusu ya uwezekano ni mtoto kuwa mbebaji. Wote wawili wakiwa AS, uwezekano ni robo SS, nusu AS na robo AA. Mmoja AS na mwingine SS, ni nusu kwa nusu: AS au SS.

Sarafu haikumbuki

Siku moja mwalimu alitugawia sarafu mbili kila mtu, moja ya baba na moja ya mama. Upande mmoja A, upande mwingine S. Kila ukizirusha pamoja, umezaa mtoto. Mimi nilipata SS mara tatu mfululizo. Kijana aliyekaa pembeni yangu alirusha mara kumi bila kupata hata moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Ile robo si zamu inayopita ikaisha, bali inaanza upya katika kila mimba. Kuwa na mtoto mgonjwa hakumkingi anayefuata, na kuwa na watatu wazima si uthibitisho kwamba hamna kinasaba hicho.

Kwa nini sisi?

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki: watoto wa AS hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea palipokuwa na malaria, Afrika, na pia Oman na nchi nyingine za Ghuba. Hakihusiani na uchawi wala laana.

Lakini angalia: AS si dawa. Ukienda likizo nyumbani bado utaugua malaria, hivyo tumia dawa za kinga na chandarua. Mwenye SS akipata malaria yuko hatarini zaidi.

Ufanye nini?

1. Omba kipimo cha aina za himoglobini. Hiki cha haraka cha kuangalia mundu peke yake hakitoshi, kwani hakitenganishi vizuri AS na SS, na hakioni talasemia. Mbebaji wa talasemia ya beta akizaa na mwenye S, mtoto anaweza kuugua pia.

2. Uliza majibu ya mtoto. Marekani na Uingereza watoto wachanga hupimwa kwa tone la damu ya kisigino. Wazazi wengi hawaulizi majibu. Wewe uliyezaliwa Afrika huenda hukupimwa kamwe.

3. Pimeni wote wawili, mapema. Kabla ya ndoa ni vizuri, kabla ya mimba pia si kuchelewa. Mkikutwa wote AS, ombeni kuonana na mshauri wa mambo ya urithi. Uamuzi ni wenu. Kama Kiingereza kinasumbua, ombeni mkalimani wa hospitali. Msimtumie mtoto wenu kutafsiri.

4. Usiogope bima. Huku Marekani sheria ya mwaka 2008 inakataza bima ya afya na mwajiri kukubagua kwa sababu ya vinasaba. Bima ya maisha haimo katika sheria hiyo.

5. Kama mtoto ni SS, usikate tamaa. Penisilini ya kila siku utotoni, chanjo, na dawa ya haidroksiurea zimewasaidia wengi. Homa ya kuanzia nyuzi 38 ni dharura, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12, ingawa ni nzito na ya gharama kubwa sana.

Yule mama sikumwona tena. Ningempata leo ningemwomba radhi, kisha ningempa sarafu mbili, na mawifi zake niwaite wakae karibu waone.

Nawatakia afya njema, ndugu zangu. Wiki hii mpigie simu daktari wako uulize: mimi ni AA au AS?