Aliyeumizwa Athibitishe Nini?
Mtu wa Mutuini akigongwa na motokaa akavunjika mguu, hapati fidia kwa sababu ya maumivu peke yake. Katika sheria ya Kenya, mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Yampasa aonyeshe mambo manne: kwamba dereva alipaswa kuwaangalia wenziwe barabarani, kwamba hakuangalia, kwamba uzembe huo ndio uliomwumiza, na kwamba alipata hasara. Si lazima aondoe shaka yote, kama katika kesi ya jinai. Yatosha maneno yake yaelekee kweli kuliko ya mdaiwa. Basi atoe habari polisi, atunze cheti cha daktari na kila risiti. Tena asikawie: miaka 3 ikipita tangu ajali, kwa kawaida haki ya kushtaki imekwisha.